Tusiwacheke wanaochora grafu za michezo

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuniona mimi, niliyezoea kuandika juu ya ngeli na viambishi, nikishika kalamu leo kuzungumzia michezo ya kompyuta. Nawaomba wanivumilie. Kwa muda wa mwaka mmoja uliopita nimekuwa nikikusanya katika jalada moja ofisini mwangu michoro ya takwimu iliyochorwa na wachezaji wenyewe wa michezo hiyo, wengi wao wakiwa watu wasiolipwa hata ndururu kwa kazi yao. Baadhi ya michoro ni ya miaka kadhaa iliyopita, mingine ni ya juzi tu. Sasa nakiri waziwazi kwamba baadhi yake inayapita kwa ubora majedwali mengi ninayoyakuta katika tasnifu ninazoletewa kutahini.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne alifika mbele ya jopo kuwasilisha pendekezo lake la utafiti. Alitaka kwenda kuketi katika kibanda ambamo vijana hulipa ili wacheze kandanda kwenye skrini, anukuu ni lugha gani inayowatoka wanapofunga bao, wanapofungwa, na wanapogombania zamu. Kisha ayachore matokeo. Alikuwa amekuja na mchoro wa mfano alioupaka kwa penseli za rangi tatu: Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Mjumbe mmoja akauliza iwapo chuo kikuu kimegeuzwa uwanja wa watoto kuchezea. Watu wakacheka. Kijana akashauriwa akatafute mada nzito. Nami nilikuwamo katika jopo hilo. Sikucheka, lakini sikutamka neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu ambalo ningalipaswa kulitoa pale pale. Jalada langu ndilo jibu lenyewe.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote unahusu mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, mwaka ule ule ambao Kenya ilianzisha mfumo wa elimu wa 8-4-4. (Na kwa sadfa ya kuchekesha, hatua ya mwisho ya mchezo huo huitwa 8-4.) Hadi leo wapo watu wanaoshindana kuumaliza kwa muda mfupi iwezekanavyo, na kila anayedai rekodi hutoa picha za video ili wenzake wazikague. Rekodi hizo zikipangwa kwenye grafu, tarehe zikiwa kwenye mhimili wa mlalo na muda kwenye mhimili wa wima, hutokea umbo la ngazi inayoteremka. Mwanzoni vidato vyake ni virefu, kisha vinafupika na kufupika. Mwaka 2016 mchezaji mmoja alishuka chini ya dakika 4 na sekunde 57. Ilibidi kungoja hadi Aprili 2021 kabla mtu hajashuka chini ya dakika 4 na sekunde 55. Sekunde mbili tu, miaka minne na ushei!

Kwa nini iwe ngazi, isiwe mteremko laini? Hapa ndipo mambo yanapopendeza. Mashine ya mchezo ule huonyesha picha zipatazo 60 kila sekunde. Mchezaji anapomaliza hatua moja, haipeleki hatua ya pili papo hapo. Hungoja itimie hesabu ya picha 21, yaani sekunde 0.35 hivi. Wachezaji wamelifananisha jambo hili na basi liondokalo kituoni kila baada ya picha 21. (Bila shaka hilo si matatu letu, lingojalo hadi lijae.) Ukifika kituoni leo picha tano mapema kuliko jana, hujapata faida yoyote, utakaa ungoje basi lile lile. Sharti uokoe muda wa kutosha kuliwahi basi lililotangulia. Ni katika hatua ya mwisho pekee, hiyo 8-4, ambapo hakuna basi na kila picha moja ina thamani yake.

Basi mtu asiyeijua habari hii akiutazama mchoro ataona ngazi tu. Aijuaye ataweza kukisia kwamba kidato hiki kikubwa ni cha mtu aliyeliwahi basi la mapema, na kile kidogo sana ni cha aliyejikwamua vizuri katika hatua ya mwisho. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba tarakimu hazisemi pasipo mtu anayekijua kile kinachohesabiwa, nao wameniitikia kwa adabu na kusahau. Mchoro huu haukusahauliwa.

Tena mchoro huo umenilazimisha niifikirie upya sheria moja niliyokuwa nikiifundisha kama amri: kwamba mhimili wa wima sharti uanzie sifuri. Sheria hiyo ina maana kwa vibao vya kulinganisha idadi, maana kibao kikikatwa miguu huifanya tofauti ndogo ionekane kubwa. Lakini ukiichora ngazi ya Mario kuanzia sifuri, rekodi za miaka yote hiyo zitabanana juu ya ukurasa kama mstari mmoja ulionyooka. Ukweli utakuwapo lakini hautaonekana.

Mchoro wa pili haupendezi macho, ila una uzito. Unahusu mchezo wa Minecraft. Mtu akitaka kuumaliza huhitaji lulu fulani, ambazo huweza kuzipata kwa kubadilishana na dhahabu, na vijiti ambavyo hutolewa na aina fulani ya madude yanapouawa. Upatikanaji wa vitu hivyo huamuliwa na bahati, lakini kiwango cha bahati hiyo kinajulikana kwa sababu kimeandikwa ndani ya programu: katika toleo lililohusika mwaka 2020, lulu zilipatikana katika asilimia 4.7 hivi ya mabadilishano, na kijiti katika nusu ya mauaji. Mwaka 2020 mchezaji mashuhuri ajulikanaye kwa jina la Dream alionekana kuwa na bahati ya ajabu. Wachezaji wenzake wanaosimamia rekodi wakazikalia video zake na kuhesabu. Katika mabadilishano 262 alikuwa amepata lulu mara 42, mahali ambapo ungetarajia kama mara 12. Katika mauaji 305 alipata vijiti 211, mahali ambapo ungetarajia kama 152. Desemba mwaka huo wakachapisha ripoti, pamoja na grafu zilizoiweka mistari ya bahati yake kando ya mistari ya wachezaji wengine hodari. Mistari ya wengine ilikwenda pamoja kama kundi la mbuzi. Wake uliondoka peke yake.

Lakini si mstari ule ulionivutia hasa. Kilichonivutia ni jinsi wachunguzi wale walivyojihadhari na nafsi zao. Ukirusha sarafu kutwa nzima, kisha ukachagua mirusho kumi uliyoipenda, unaweza kumthibitishia mtu jambo lolote. Wao walijua kwamba walianza kumchunguza Dream kwa sababu tu alikuwa na bahati, na kwamba katika wachezaji wengi hakosekani mmoja wa kubahatika. Hivyo walizirekebisha hesabu zao kwa kumpendelea yeye mshtakiwa, na hata baada ya kumpendelea, wakakuta kwamba uwezekano wa bahati ile kutokea ni mmoja katika trilioni 7.5. Dream alipinga, akamtafuta mtaalamu wa kumtetea aliyepinga hesabu zile. Mnamo Mei 2021 akakiri kwamba programu yake ilikuwa na nyongeza iliyobadilisha bahati, ingawa alisema hakuwa na habari nayo wakati ule. Na aamini msomaji apendavyo juu ya hilo. Mimi nauliza: ni wanafunzi wangapi wa shahada ya uzamili ambao wangerekebisha data yao kwa faida ya dhana wanayoipinga? Ni wahadhiri wangapi?

Kuna pia mchoro usioonekana kuwa mchoro. Mwishoni mwa mwaka 2021 ulienea mchezo wa Wordle, uliobuniwa na Josh Wardle, ambamo mtu hukisia neno la Kiingereza lenye herufi tano kwa majaribio sita. Tarehe 1 Novemba 2021 ulichezwa na watu 90. Tarehe 2 Januari 2022 walizidi 300,000. Na kabla mwezi huo haujaisha ukanunuliwa na gazeti la The New York Times. Vile viraba vya kijani, manjano na kijivu ambavyo watu walitumiana havikubuniwa na mwenye mchezo. Vilianzia kwa wachezaji wa New Zealand, waliokuwa wakivipanga kwa mkono ili waonyeshane walivyohangaika bila kufichuliana neno lenyewe. Wardle akaliona wazo lao na kulitia ndani ya mchezo. Nimeshindwa kuukumbuka mchoro mwingine unaosimulia safari yote ya mtu huku ukiitunza siri yake.

Mwanaisimu hawezi kuvitazama viraba hivyo asijiulize vingekuwaje kwa Kiswahili. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo kiraba cha mwisho kingegeuka kijani mapema mno. Na je, orodha ya maneno ingekuwa na nini? «Ndege» na «shule» hazina taabu. Lakini «nyuso» ihesabiwe neno la pekee au kivuli cha «uso»? Na je, «walia»? Swali la mchezo linatufikisha ghafla kwenye swali kongwe la wanakamusi: neno ni nini. Mwanafunzi akinijia na orodha hiyo pamoja na mchoro wa irabu za mwisho, nitampa alama zake bila kumwuliza kama alikuwa akicheza.

Sidai kwamba michoro yote ya wachezaji ni mizuri. Mingi ni mibovu. Ipo ile inayotangaza kwamba mchezo fulani umekufa kwa sababu mstari wa wachezaji umeshuka kwenye Steam, duka la michezo ya kompyuta. Mstari huo huonyesha walioingia kwa wakati mmoja kupitia duka hilo. Anayecheza kwa simu hamo, na vijana wetu wengi huchezea simuni. Hata hivyo, mchoro mbovu ukitokea mbele ya watu wanaoujua mchezo, kabla ya jioni atakuwa ameinuka mtu wa kuupinga. Hiyo ndiyo tofauti baina yake na grafu nyingi zinazobandikwa mbele ya umma na wakubwa, ambazo sisi huzipita kama mabango ya sabuni.

Kwa walimu nina neno moja la kazi. Najua simu haziruhusiwi shuleni na sisemi ziingizwe. Bao na drafti zinatosha. Watoto wawili wacheze, wa tatu ahesabu kete kila zamu, wa nne achore, kisha darasa zima liusome mstari kwa Kiswahili. Hapo mtasikia ukimya. Nimewajaribu wanafunzi wa chuo kikuu: kijana anayeeleza grafu kwa Kiingereza bila kigugumizi hubaki akinyoosha kidole tu akiambiwa aieleze kwa Kiswahili. Si kwamba lugha imekosa maneno. Mhimili, wastani, uwiano, mfululizo, yote yapo; na mstari wetu huweza kupanda, kushuka, kutulia, kudorora. Kilichokosekana ni kitu ambacho mtoto ana hamu ya kukieleza.

Yule kijana alinijia ofisini wiki mbili zilizopita. Alikuwa ameandika pendekezo la pili, juu ya viambishi tamati katika riwaya moja, kazi safi isiyo na dosari wala uhai. «Mwalimu, hii watakubali,» akaniambia. Nilimwuliza mchoro wake wa kwanza uko wapi. Akasema anao bado, ndani ya daftari. Tukaketi nao kama saa moja. Nilimwuliza alijuaje kwamba vijana hawakubadili lugha kwa sababu ya kumwona yeye akiandika, naye akawa na jibu nusu. Nusu iliyobaki anaitafuta sasa. Jopo litakutana tena Jumatatu ijayo. Nimetia sahihi pendekezo la kwanza, na nimeomba nizungumze kabla yake.