Upawa Mkononi Mwako

Miongoni mwa mitihani ya nafsi ambayo wahenga hawakututajia, kwa kuwa haikuwapo zama zao, ni ule wa kukabidhiwa upawa mbele ya safu ya vyungu na kuambiwa: jipakulie upendavyo, bei ni moja. Nami nakiri mbele yenu, ndugu wasomaji, kwamba katika mtihani huo nilianguka mchana kweupe, tena mbele ya shahidi.

Shahidi mwenyewe ni sahibu yangu, mwalimu mstaafu asiyeona, aliyesoma katika shule ya wasioona iliyoanzishwa hapa kwetu Buigiri na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Tulikuwa tumekwenda Dodoma mjini kufuatilia mambo ya pensheni, na ilipowadia adhuhuri tukaingia katika mkahawa mmoja wa Kihindi uliosifiwa kwa bufe yake, ambayo bei yake haizidi ya jogoo mmoja wa kienyeji.

“Mzee mwenzangu,” akaniambia, “nitajie majina tu, usinipakulie.” Nikamtajia: wali wa bizari, mchuzi wa kuku, mchicha uliopikwa kwa jibini, dengu, bajia, achari ya embe, mtindi wenye matango, chapati za moto. Akasimama mbele ya kila chungu, akavuta harufu, kisha ama akapita, ama akachota kijiko kimoja. Mimi niliyejaaliwa macho mawili nilichota kila kilichong’aa, na ile haba na haba ijazayo kibaba ikaijaza sahani yangu hata mchuzi ukagharikisha bajia na achari ikazama katika mtindi. Yeye akamaliza, akapangusa sahani kwa kipande cha chapati, akarudia dengu. Mimi nikashindwa na nusu, nikaifunika kwa karatasi, nikidhani nimestiri aibu, lakini alipokisikia kijiko cha mhudumu kikikwangua sahani yangu ndooni, akacheka: “Kumbe muda wote ulikuwa ukilisha jicho!”

Wako watakaosema kwamba kosa langu ni kuingia mkahawani humo, kwani chakula cha Wahindi si chetu. Hao na wajiulize chapati, bajia, achari na kachumbari zilipata wapi majina yake, kama si Bara Hindi. Na wajue kwamba dengu na mbaazi zilimwazo na wakulima wa nchi hii huvuka bahari kwenda kuuzwa huko huko. Kuonja chungu cha jirani si kukana chungu cha mama, na aliyekulia ugali wa uwele na mlenda hapotezi asili yake kwa kijiko cha dengu.

Wengine, na hawa ndio wengi, watasema: nimelipa, nikibakiza ni haki yangu. La hasha! Ulicholipia ni ruhusa ya kushiba. Ruhusa ya kutupa haikuuzwa. Unafuu wa bei ile umesimama juu ya dhana njema ya mwenye mkahawa, kwamba kila mtu atachukua kadiri ya tumbo lake. Nasi tukiendelea kujaza ndoo, hasara hiyo ataipandisha katika bei ya kesho, ailipe hata yule asiyebakiza punje.

Tena israfu hii, hata ikisameheka kwingine, hapa kwetu Ugogo haina udhuru. Baina ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kukomba nafaka, ng’ombe na wapagazi, na mvua nayo ikakhini, nchi hii ilishikwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, yaani kugombania. Waligombania kwa kuwa hapakuwa na kitu. Je, sisi wajukuu tutagombania vyungu vilivyojaa, kisha tumwage?

Basi nendeni, ndugu zangu, mkale kwa furaha, walakini izungukeni meza mara moja na sahani tupu, mnuse kabla ya kuchota, mchote kijiko kimoja kimoja, na mkiona tumbo lingali ladai, rudini. Upawa hauna kinyongo na mwenye kurudi. Nami siku nitakapokwenda tena, nitamwomba sahibu yangu atangulie, nishike bega lake.