Uticha wa China bila karatasi si dili

Leo nakupeleka China, na nauli naitoa mimi.

Pale kijiweni kwetu kuna mshikaji tunamwita Ticha. Saa saba mchana, jua la Dar liko utosini, sisi tunagombania soda baridi, yeye anaomba maji ya moto. Maji matupu, hata majani ya chai hamna. Tukimcheka anajibu, "Changsha hiyo, wadogo zangu."

Juzi nilimfuata kwa shida yangu. Kuna wakala mmoja alinijaza upepo: Wachina wana njaa ya Kiingereza, cheti chako cha Form Four kinatosha, toa pesa upelekwe kwa viza ya masomo, ukifika unashika chaki. Nilishaanza kuulizia bei ya kuuza redio na kabati langu.

"Kaa chini, mdogo wangu," akasema Ticha. "Na mimi nilipita mlango huo huo."

Aliondoka Septemba 2023. Changsha ni mji mkuu wa jimbo la Hunan, na kule pilipili ni kama mboga. Wiki ya kwanza alikula analia. Choo cha kuchuchumaa hakikumsumbua, mtoto wa uswahilini hana presha na hilo. Kilichomtoa jasho ni baridi. Mitaa ya kusini haina mabomba ya kupashia nyumba joto kama kaskazini, kwa hiyo Januari anafundisha na koti, na watoto nao wana makoti. Hapo ndipo alipojua utamu wa maji ya moto, ambayo Wachina wanakunywa mwaka mzima.

WhatsApp imefungwa, kila kitu ni WeChat, hata fungu la mchicha unalipia kwa simu. Lugha ndiyo balaa. Kununua ni "mai", kuuza pia ni "mai". La kununua sauti unaiinamisha kisha unaipandisha, la kuuza unaishusha kwa mkato. Siku moja sokoni alimtangazia mama wa nyanya kwamba yeye anauza. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku hiyo akawa anamwongezea nyanya mbili za bure.

Darasani watoto walikuwa hamsini. Sarufi wanaijua, maana mitihani wanaichukulia kama roho, lakini kufungua mdomo ni aibu tupu. Ticha akawaletea michezo na nyimbo za kutunga mwenyewe. Baada ya miezi miwili akipita tu wanapiga kelele, "Laoshi! Laoshi!", yaani mwalimu.

Kwa hiyo alizoea? Alizoea kila kitu, isipokuwa kimoja.

Mwenye shule alikuwa amewaambia wazazi kwamba Ticha ni Mmarekani, eti Mtanzania asingewavuta. Siku moja kitoto cha miaka tisa kikamletea ramani ya dunia: "Mwalimu, kwenu ni wapi?" Ticha akaweka kidole Chicago, ambako hajafika hata kwa ndoto. Dar es Salaam iko pale pale kwenye ramani, inamtazama. Anasema usiku ule hakulala.

Aprili polisi wakaingia shuleni, wakataka pasipoti. Viza ya masomo, kazi bila kibali. Siku kumi ndani, faini yuan 10,000, kisha ndege ya kurudi.

Hakuonewa. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inasema mgeni anayefanya kazi bila kibali hulipa yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito analala ndani siku 5 hadi 15. Akirudishwa kwao, hakanyagi tena China kwa mwaka mmoja hadi mitano. Mwajiri naye hulipa yuan 10,000 kwa kila kichwa. Lakini mwajiri akishalipa analala kwake. Wewe unalala wapi?

Njia halali ni viza ya herufi Z. Kwa kawaida wanataka digrii, uzoefu wa miaka miwili, hati ya polisi ya tabia njema, na uwe raia wa nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa. Mbongo mlango wake ni mwembamba, tusidanganyane. Na shule ndiyo inayokuombea kibali kabla hujapanda ndege. Ukisikia "utabadilishiwa huko huko", funga pochi yako.

Mimi redio yangu sijaiuza. Na Ticha hajafa njaa: siku hizi anafundisha Kichina wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda kufuata mzigo Guangzhou. "Mai" na "mai" ni somo la pili. La kwanza anawasimamisha mmoja mmoja waseme kwa Kichina, kwa sauti: "Mimi natoka Tanzania."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.