MAMBO YA NYUMBANI: Mlango Unaokwama Wakati wa Masika



Masika yafikapo huku kwetu Magindu, tangu Machi hata Mei, milango mingi hukwama. Ule uliofunguka kwa kidole mwezi wa Februari sasa wataka bega la mwanamume. Wengine humlaumu fundi; wengine hunong'ona kwamba jirani ametia kitu kizingitini. Tusimsingizie jirani. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na kiangazi kirudipo hukauka ukasinyaa. Tena huvimba kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Mninga huvimba kidogo kuliko mbao nyingine nyingi, lakini hauna ubao usionywa kabisa.

Yafaa baba wa nyumba afikiri neno hili. Milango yetu mingi hufunguka kwa ndani. Aliye nje husukuma kwa bega, bali aliye ndani hana budi kuvuta kwa vidole. Basi mwenye nguvu atokaye alfajiri hajui uzito wa mlango wake; ajuaye ni bibi mzee na mtoto waliobaki. Je, moto ukishika makuti usiku, watatokaje? Kwa hiyo usiujaribu mlango kwa mkono wako wewe. Mwite aliye dhaifu kupita wote nyumbani, aufungue mbele yako.

Ukiona umemshinda, usikimbilie randa. Kwanza tazama bawaba. Fungua mlango nusu, shika upande wa komeo, uinue. Ukichezacheza, skurubu zimelegea na mlango umelala. Zikaze kwa bisibisi. Tundu likiwa limepanuka, chonga kijiti cha mti mgumu, kitie gundi, kigongomee ndani, kisha rudisha skurubu. Milango mingi hupona hapo, wala haikupungua hata unyoya wa ubao.

Bawaba zikiwa imara, tafuta mahali panaposuguana. Paka mkaa kwenye miimo, funga polepole, ufungue tena. Penye weusi mlangoni ndipo penye kosa. Pasugue kwa sabuni kavu au nta ya nyuki, mlango upate kuteleza. Ikiwa sasa mtu dhaifu aweza kuufungua, ngoja kiangazi. Maana akatiaye mlango katika masika hukata maji, si ubao. Jua likirudi ataona ufa wa kupitisha nyoka na upepo.

Lakini ukiwa bado wamfungia mtu ndani, usingoje. Piga randa palepale penye weusi, unyoya mmoja mmoja, ukijaribu kila mara, hata sarafu ipite kati ya mlango na mwimo. Ukiranda ncha ya juu au ya chini, anza pembeni uelekee katikati, ubao usipasuke. Kisha paka rangi au mafuta mahali palipo wazi. Usisahau ncha ya juu na ya chini, zisizoonekana na mtu, kwa kuwa huko ndiko maji yaingiako upesi. Kazi ya kupaka ifanyike siku za jua, ubao ukiwa mkavu.

Mafundi wa zamani wa pwani walijua tabia hii ya mti. Milango yao mikubwa ya Unguja ina mbao mbili zikutanazo katikati, na mfaa hufunika mahali pa kukutania. Hivyo waweza kuacha nafasi ya kuvimba bila kuacha ufa.

Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala. Basi kazi hii si ya kudharauliwa na Mkristo. Jumamosi hii, kabla ya kwenda kumtembelea mjane wa mtaa wako, chukua bisibisi na kipande cha sabuni. Ukiisha kusali naye, mwombe akufungulie mlango wake kwa mkono wake mwenyewe, nawe utazame.

Amani ikae nyumbani mwenu.