'Picha: Hisani'. Hisani ya nani?

Tuambiane ukweli: wewe ni mwizi. Usinune, hata mimi ni mwizi.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nilianza blogu kuhusu nganya, zile matatu zenye michoro na muziki wa kutikisa kifua. Picha nilikuwa naokota Google. Chini naandika 'Picha: Hisani', naendelea na maisha. Mei 2022 Sauti Sol walipolalamika kwamba muungano wa Azimio ulitumia wimbo wao 'Extravaganza' bila idhini yao, nilikuwa mstari wa mbele kuwatetea. Blogu yangu je? Imejaa picha za wenyewe.

Siku moja mpiga picha akaniandikia: "Hiyo ya juu ni yangu. Niliamka saa kumi alfajiri kuipiga. Nilipe ama uitoe."

Nikamjibu, "Bro, nimeipata mtandaoni." Picha nikaiacha.

Miezi mitatu baadaye nikakaa siku mbili kwa karakana nikimhoji mchoraji wa matatu. Makala ikatoka moto. Baada ya wiki nikaiona kwenye ukurasa mmoja mkubwa, neno kwa neno, hadi kosa langu la tahajia. Kilichokosekana ni jina langu tu. Kulalamika, nikaambiwa: "Si wewe ndiye uliiweka mtandaoni?"

Wueh! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ndipo nikasoma Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kumbe kazi yako ni yako punde unapoiandika, kuichora, kuirekodi au kuipiga picha. Si lazima uisajili. Ukisajili kwa KECOBO unapata ushahidi wa kukusaidia siku ya mvutano. Na kumtaja mwenyewe ni adabu, lakini si ruhusa.

Najua utasema kila mtu huiga. Kweli. Wazo la kuandika kuhusu nganya si langu, liandikie hadi uchoke. Mtindo pia iga, hivyo ndivyo tunavyojifunza, hasa sisi tusio na mwalimu. Hata yule mchoraji alianza kwa kuiga michoro ya wakubwa wake pale karakana. Lakini alishika brashi yeye mwenyewe. Hakubandua mchoro wa mwenzake kwa gari lingine akafuta sahihi.

Na usiniambie eti ni picha moja tu. Kwa msee anayeishi kwa kamera, hiyo picha moja ni unga na bando la wiki.

Nimeitoa ile picha. Nikamwandikia jamaa, nikaomba msamaha na nambari ya M-Pesa. Ujumbe ameusoma. Hajajibu, na simlaumu.

Wewe bado una nafasi. Kabla ya kuposti, tafuta mwenyewe, muulize. Akikataa, chukua simu yako utoke nje, upige yako.