Mgongo wa Mgambo

Wasomaji, hoja za wanaokataa kuwalipa fidia ya ulemavu wazee wa Vita ya Kagera mmeshazisikia. Naomba mzipime tena pamoja nami.

Ya kwanza: goti na kiuno ni uzee tu. Ni kweli gegedu la goti huchakaa kwa umri. Lakini goti lililoteguka au kuchanika kano ujanani huharibika mapema kuliko lenzake, na madhara yake huweza kujificha miaka kumi, hata ishirini. Kuchelewa kwa maumivu, basi, hakumfanyi mzee mwongo. Ndivyo maradhi haya yanavyokwenda.

Ya pili nzito zaidi. Wanasema mzee wa Kilangali, wilayani Kilosa, alirudi kutoka vitani akashika jembe, akainama kwenye majaruba ya mpunga miaka arobaini, na hilo ndilo lililomvunja mgongo. Jembe linaumiza, sibishi. Ila watu haohao husema pia kwamba angekuwa majeruhi kweli asingeweza kulima. Wachague moja. Kama kilimo kinavunja mgongo, basi aliyelima akiwa na jeraha alilizidisha jeraha la vita. Kama kulima ni dalili ya uzima, basi jembe halikumdhuru, na tunarudi palepale: nini kilimuumiza? Alilima kwa sababu watoto walitaka kula.

Tatu, eti mgambo hakuwa mwanajeshi. Lakini jeshi la 1978 lilipanuka kwa kujazwa mgambo, JKT, polisi na magereza. Askari wa miguu walitoka Kagera na mizigo mgongoni, wakaingia Masaka Februari 1979, wakapigana kwenye vinamasi vya Lukaya Machi, na Kampala ikaanguka 11 Aprili. Risasi alizobeba mgambo zilikuwa na uzito uleule.

Mwisho wanauliza: cheti kiko wapi? Vitani huandikwa kwanza anayevuja damu. Aliyeteguka huambiwa asonge mbele. Na daftari la majeruhi hakulishika yeye. Haiwezekani aliyelishika alikose, kisha mzee ndiye ahukumiwe kwa kukosekana kwake. Uingereza, dai la pensheni ya vita likiletwa ndani ya miaka 7 tangu askari aache utumishi, si yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Hata baada ya hapo, shaka ya msingi humfaidi yeye. Marekani, mahakama ya rufaa iliamua 2018 kwamba maumivu yanayompunguzia askari uwezo wa kufanya kazi yanaweza kuhesabiwa ulemavu, hata pasipo jina la ugonjwa.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo amevuka 65. Wazee hawa waitwe wapimwe sasa, huko huko Kilosa, na pale ushahidi unapolingana pande zote mbili, mzee alipwe.