Mwanagenzi wa Ualimu si Kibarua wa Bure

Kila mwaka vyuo vikuu na vyuo vya ualimu nchini huwatuma vijana kwa maelfu mashuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Kwa anayesomea shahada ya elimu, mazoezi hayo kwa kawaida huchukua muhula mmoja. Huulipia muhula huo karo, kisha akajitafutia nauli, chumba, chakula na nguo za heshima za kusimamia mbele ya watoto. Halipwi chochote. Sisi hatusemi kwamba kutolipwa ndiko dhuluma iliyo kuu, kwa maana aliyetumwa kujifunza hajawa mfanyakazi. Dhuluma yaanza pale anapofika shuleni na kugeuzwa mfanyakazi bila kuulizwa, na bila ya haki hata moja ya mfanyakazi.

Mambo huenda hivi. Siku ya kuripoti, mwanagenzi hukabidhiwa ratiba nzima ya mwalimu aliyestaafu au kuhamishwa ambaye nafasi yake haikujazwa. Hupewa vipindi vyote hivyo, zamu ya juma zima, na rundo la mitihani ya kusahihisha. Yule aliyepaswa kumwongoza husema, "Afadhali umekuja," akaenda kushughulikia madarasa yake mengine. Tangu hapo kijana yu peke yake na watoto hamsini, na hakuna mtu mzima aingiaye darasani humo mpaka siku atakapokuja msimamizi kutoka chuoni.

Hatumlaumu mkuu wa shule kupita kiasi. Serikali ilisimamisha uajiri wa jumla wa walimu mwaka 1998, na pengo lililoachwa halijazibika mpaka leo. Shule za sekondari msingi zilipofunguliwa Januari 2023, walimu wengi walilazimika kufundisha masomo wasiyoyasomea. Mkuu aliye na madarasa yasiyo na mwalimu huona mwanagenzi kama mvua ya kiangazi. Lakini pengo la serikali halizibwi kwa mtoto wa mwenzio.

Tuitazame sheria, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012, kifungu cha 23, yakataza mtu yeyote kufanya kazi ya ualimu asipokuwa amesajiliwa. Mwanagenzi wa chuo hajasajiliwa, wala hawezi kusajiliwa kabla ya kuhitimu. Basi kuwepo kwake darasani kwaweza kutetewa kwa hoja moja tu: kwamba yuko chini ya macho ya mwalimu aliyesajiliwa. Mwalimu huyo akiondoka, hoja nayo yaondoka. Je, mtoto akiumia katika maabara, nani atajibu? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humhesabu mwanagenzi wa kazi kuwa mwajiriwa, lakini kijana huyu hana mkataba wowote na shule utakaomwingiza humo. Yumo katika nyufa zilizo baina ya chuo, shule na Tume, na kila mmoja huelekeza kidole kwa mwenziwe.

Wapo watakaotukumbusha kwamba mahakama imekwisha kusema. Ni kweli kwamba Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi iliamua kuwa Tume haina mamlaka ya kuwaajiri wanagenzi, na kwamba kuwatumia hivyo walimu waliohitimu ni kinyume cha sheria. Uamuzi huo tuliufurahia. Lakini uliwahusu walimu waliokwisha kusajiliwa, waliokuwa wakipewa Sh20,000 kwa mwezi katika sekondari msingi. Yule ambaye angali chuoni, asiyepata hata senti, hakuguswa nao.

Linganisha na taaluma yetu. Kijana anayetaka kuwa wakili hukaa miezi 6 chini ya wakili aliyefanya kazi kwa miaka isiyopungua 5, na jina la wakili huyo lajulikana tangu mwanzo. Hatujidai kwamba mambo ni mema kila mahali. Ofisi nyingi huwatuma wanagenzi wao kununua chai kuliko kuwatuma masjala. Hata hivyo hakuna ofisi inayothubutu kumtuma mwanagenzi peke yake Mahakama Kuu kutetea kesi ya mauaji. Kwa nini basi tunamwachia mwanagenzi wa ualimu Kidato cha Nne?

Kumlea mwanagenzi si jambo la fumbo. Walimu wazuri walijua zamani. Juma la kwanza mgeni huketi nyuma ya darasa akimtazama mwenyeji. Kisha huwili huandaa somo pamoja, mmoja akafundisha nusu na mwingine nusu. Baadaye mgeni hufundisha naye mwenyeji huketi nyuma. Kosa husahihishwa faraghani, si mbele ya wanafunzi wala katikati ya kicheko cha majilisi. Andalio la somo husomwa jana yake, wakati bado laweza kurekebishika, badala ya kupigwa mhuri mwezi ukiisha. Haya yote yahitaji muda, na ndiyo sababu mwalimu mlezi apunguziwe vipindi, asiongezewe mzigo kwa jina la heshima. Msimamizi wa chuo naye, ambaye huja na fomu yake, akaketi dakika 40 na kuondoka, hana budi kukaa kidogo na kuzungumza. Alama peke yake haimfundishi mtu.

Kuna jambo lisilosemwa hadharani. Wanagenzi wengi ni mabinti walio mbali na kwao, na alama zao ziko mikononi mwa wanaume. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, yamhukumu mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kwa maneno ya aina hiyo. Sheria ipo, kinachokosekana ni mtu wa kupelekewa malalamiko asiyekuwa huyo huyo mwenye kutoa alama.

Hapa twawageukia waumini. Shule nyingi za umma nchini zina kanisa kama mdhamini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yampa mdhamini wawakilishi watatu katika bodi ya usimamizi. Viti hivyo hutumiwa mno kugombania nani awe mkuu wa shule. Na vitumiwe pia kuuliza: wanagenzi wangapi waja muhula ujao, mlezi wa kila mmoja ni nani, vipindi vyao ni vingapi, nao watalala wapi? Parokia zina vyumba vitupu. Mama mmoja mcha Mungu wa kupokea siri za binti aliye ugenini hapungui katika kanisa lolote.

Najua wazee watasema, "Sisi pia tulitupwa darasani, na tukawa walimu." Wapo waliokuwa. Wapo pia walioiacha chaki milele, na wapo watoto waliopoteza muhula mzima mikononi mwa mtu asiyeelekezwa. Hao hawaji mkutanoni kutoa ushuhuda.

Twapendekeza bodi za shule zianze na barua ya ukurasa mmoja baina ya chuo, shule na mwanagenzi, yenye jina la mlezi, idadi ya vipindi, na mahali pa kulalamika. Itiwe saini siku ya kuripoti, kabla kijana hajakabidhiwa chaki.