Kovu Halichezewi

"Mwenye kovu usidhani kapoa," walinena wahenga. Methali hiyo ilinijia usiku mmoja mjini Edinburgh, Uskoti, nilipokuwa katika kundi la watalii nyuma ya mwigizaji mwenye joho jeusi na taa mkononi. Vichochoroni alitusimulia habari za Burke na Hare, waliowaua watu 16 mwaka 1828 na kuziuza maiti kwa daktari aliyefundisha anatomia. Akajibanza gizani, akaturukia. Tukapiga mayowe, kisha tukacheka.

Siipingi sanaa hiyo. Mji wa kale husomeka vyema usiku, na mwigizaji hodari huufanya ukuta unene. Lakini niliondoka nikiyajua majina ya wauaji, wala si jina hata moja la waliouawa. Ilinibidi nisome baadaye kuwa miongoni mwao walikuwamo Mary Paterson na James Wilson, watu mafukara.

Nayasema haya kwa kuwa nasi tunao Mji Mkongwe wa Unguja, na ndani yake Mkunazini, palipouzwa watu hadi soko lilipofungwa mwaka 1873. Anayetaka kuandaa matembezi kama hayo kwetu na avae joho, asimulie majini na masultani apendavyo. Afikapo Mkunazini, aishushe taa, aseme kwa sauti yake ya kawaida. Asimrukie mtu, wala asichezeshe minyororo. Waliouzwa pale wana vitukuu, na huenda kitukuu mmoja yumo kundini, anasikiliza.